Udongo Mchachu wa Kando ya Mnara

Asio wa Merikit hakuuza udongo ambao ulimi wake haujaupitia. Hakuutafuna kama wanavyotafuna wajawazito. Alimega kipande kidogo kama punje ya mtama, akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho na kungoja. Ukiwa na mchanga, meno yalimwambia. Ukiwa na mizizi, ulikuwa mchungu. Ukiwa sawasawa, ulinukia kama uwanja uliopigwa na mvua ya kwanza, na hapo alitabasamu peke yake na kusema, "Huu utakwenda."

Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake, mwaka ule alioolewa, alipokuwa na mimba ya kwanza na tumbo likakataa kila kitu ila udongo. Mama yule alimshika mkono akampeleka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya shamba la mihogo, akamwonyesha pa kuchimba. Akamwonyesha namna ya kuchambua, kuponda, kukanda kwa maji kidogo, kufinyanga, kuanika, kisha kuukausha kwa moshi juu ya jiko. Na akamwambia jambo moja: wanaume hawaulizi, na wewe huwaambii. Mwanamume hasogei mahali wanawake wanapochimba, na mwanamke hasemi leo amechimba upande gani. Asio hakuona ubaya. Ilikuwa adabu tu, kama mwanamume kutofunua chungu kilichoko jikoni.

Mama mkwe alishafariki siku nyingi. Asio sasa alikuwa na watoto watano, wa mwisho wao Okanya, naye hakuwa akibeba mimba tena. Lakini siku za soko alikuwa Busia, upande wa Uganda, pale wauza dagaa wanapopakana na wauza ndizi. Alitandika leso yake ya manjano chini, akapanga udongo juu yake, vipande virefu kama vidole na vingine vya mviringo kama yai la kanga. Wanawake walikuja kutoka pande zote mbili za mpaka. Wa upande wa Kenya waliuita odowa. Wengine hawakuuita kitu. Walinyoosha mkono huku macho yakiwa pembeni, kwa aibu ya mimba changa ambayo nyumbani haijatajwa. Asio alizijua mimba kabla wenye mimba hawajawaambia waume zao. Hakusema.

Jirani yake sokoni alikuwa Ajambo, binti wa Dabani aliyeuza dagaa. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, moja mwezi wa nne, nyingine wa sita. Hii ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa saba, na kila Ajambo alipofika, Asio alitazama kwanza tumbo, ndipo akatazama uso.

"Toto, leo umeniwekea?" Ajambo alikuwa akiuliza kabla hajatua beseni lake. Alimwita Toto, kama Wateso wanavyomwita mama, ingawa yeye mwenyewe ni Msamia.

"Nimwekee nani mwingine? Wewe unakula kama mchwa wenyewe."

"Si mimi. Huyu humu ndani ndiye ananituma."

"Mwambie basi akitoka, atanichotea maji mwaka mzima."

Ajambo alikuwa akicheka huku akishika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike.

Mnara wa simu ulikuwa umejengwa karibu na kile kichuguu, Okanya akiwa bado ananyonya. Kampuni ilikodi kipande cha juu cha shamba, ikazungusha ua wa waya, na Emoit, mume wa Asio, akapewa kazi ya askari. Miaka yote hiyo jenereta ilinguruma mchana kutwa. Moshi wake ulikuwa mzito. Asio alianika nguo nyeupe asubuhi, akazianua jioni zikiwa na vumbi jeusi. Okanya alikua na kikohozi kisichokwisha. Dizeli ilidondoka, na pale ilipodondoka hata magugu hayakuota.

Kisha mwaka jana wakaja watu wenye makoti ya kijani. Wakang'oa jenereta, wakasimamisha paneli za sola safu kwa safu, wakafunga betri mpya, nyembamba kama masanduku ya vitabu. Kwenye ua wakatundika kibao chenye picha ya jua na jani. Asubuhi ya kwanza bila jenereta, Asio alisimama mlangoni hajui kilichomwamsha, mpaka akatambua kwamba ni ukimya. Alisikia njiwa. Alisikia jirani akimwita mbuzi. Mwezi haukuisha, kikohozi cha Okanya kikapungua. Kizuri kilikuja kweli, wala Asio hakuacha kukisema. Ila kizuri kile kilikuja na mkia, na hakuna aliyegeuka kuutazama.

Paneli zilitaka nafasi. Ua ukasogezwa, ukakikata kichuguu katikati, na ule upande mzuri ambao Asio alizoea kuchimba ukabaki ndani ya waya. Nje ukabaki upande wa nyuma tu, wenye shimo la zamani alilochimba mama mkwe. Asio akarudi kwenye shimo lile. Hakumwambia Emoit. Haikuwa desturi kumwambia.

Wiki chache baadaye udongo ukabadilika. Ulikuwa na rangi ya majivu kidogo, na alipouweka ulimini ulimchoma kwa uchachu. Asio alifungua macho. Akamega tena, akaonja tena. Hakuwahi kukutana na udongo wa namna ile. Alitaka kuuacha, lakini ndio uliokuwa umekwisha kukauka, na siku ya soko ilikuwa kesho yake. Akaubeba.

Ajambo alipotia kipande mdomoni alikunja uso, kisha akafumbua macho makubwa.

"Toto! Hii umefanya nini? Iko chachu kama ukwaju!"

"Ni mbaya?"

"Mbaya wapi? Niongeze!"

Habari ikasambaa. Nani asiyejua jinsi mjamzito anavyotamani kitu kichachu? Mwanamke mmoja kutoka upande wa Kenya alichukua cha wiki nzima, akasema, "Mathe, hii yako imeweza kabisa. Ile ya wengine ni chokaa tu." Muuza udongo mwingine, mwanamke mnene aitwaye Teopista, alisogea akanusa, akabenua mdomo. "Utakuwa umeukamulia limau," akasema. Asio akacheka. Moyoni alijisikia vizuri. Alidhani kichuguu kilichokatwa kimemfungulia mshipa mpya, kama zawadi ya kufidia ule upande aliopoteza. Ulimi wake ulimwambia kitu, lakini sifa zilikuwa nyingi kuliko ulimi.

Ikapita miezi miwili. Leso ya manjano ikaanza kutoboka. Mwanzo tundu moja, kisha matundu madogo madogo kila mahali, kana kwamba kuna aliyeirushia cheche za moto. Asio akawalaumu mende. Nyasi za kando ya shimo zikanyauka, akalaumu jua. Kuku wawili wakafa, akalaumu ugonjwa wa kuku.

Siku moja asubuhi, akianika vipande kwenye bati kuukuu karibu na ua, pikipiki ya kampuni ikaingia. Alikuwa Ikiring, fundi wa mnara, kijana mrefu aliyezoea kusalimia kwa utani. Siku hiyo hakutania.

"Mzee Emoit," akasema, "zile betri za zamani, nyeusi, zilizoondoka na lori. Zimefika kiwandani zikiwa kavu. Wanaozipokea wanauliza maji yake yako wapi."

Emoit akakuna shingo. "Dereva ndiye alikataa. Yeye nasema nyingine zimepasuka, zitaunguza gari. Yeye nasema mwaga kwanza. Mimi nikamwaga."

"Ukamwaga wapi?"

Emoit akanyoosha mkono bila wasiwasi wowote, akaelekeza nyuma ya kichuguu. "Pale kwa shimo la mchwa. Nikasema pia itaua mchwa, isije ikala nguzo za ua."

Ikiring akalifuata shimo kwa macho. Kisha macho yake yakashuka kwenye bati, kwenye vile vipande virefu kama vidole, na mikono ya Asio iliyojaa vumbi la kijivu.

"Mama," akasema taratibu, "hii udongo umetoa wapi?"

Hakuna mwanamume aliyewahi kumwuliza Asio swali hilo. "Pale," akasema, akiinua kidole kuelekea shimo.

"Ni ya nini? Ya kusiliba nyumba?"

"Ya kula."

Ikiring akavua kofia, akaishika kifuani. Akawaeleza kwa maneno machache. Maji ya betri zile ni asidi. Ndani yake mna madini ya risasi, mazito, ambayo hayaonekani wala hayanuki. Yakiingia mwilini hayatoki upesi, na kwa mtoto yanaharibu ubongo na damu. Kwa mtoto aliye tumboni ni mabaya zaidi. Ndiyo sababu betri za aina ile zinapaswa kufika kiwandani zikiwa nzima, zisimwagwe hata tone.

Asio alisikia maneno yote, lakini aliloliona mbele yake ni mikono miwili ya Ajambo juu ya tumbo.

Emoit alikuwa amekaa chini. "Wewe hukuniambia unachimba pale."

"Hukuniuliza."

"Tangu lini mwanaume nauliza?"

"Na mimi," Asio akasema, "ningekuuliza lini unamwaga nini?"

Ikiring alitazama barabara, akarudi kuwatazama. "Mzee wangu, mama yangu. Nitaleta chokaa tumwage kwa shimo, na tani ya udongo mpya tufunike. Hiyo nafanya mwenyewe. Lakini hili neno tuliache hapa hapa. Karatasi ya kusema betri zimeondoka salama nilisaini mimi, na sikuwepo. Wakijua, mimi natoka na mzee anatoka. Acha tu kuuza. Basi. Itaisha yenyewe."

Alipoondoka, Asio alikusanya vipande vyote vya kwenye bati akavifunga ndani ya gunia. Akachukua maji, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena mpaka ufizi ukamuuma. Emoit alimwangalia.

"Umesikia fundi. Uache tu. Hao wanawake hawataki kujua. Wataambiana, watakuja hapa na fimbo. Na hii kazi ikitoka, Okanya nitamtuma shule na nini? Sasa jenereta imetoka, hata mimi sijui kama wananihitaji. Wananitafutia sababu tu."

Asio alijua kwamba mume wake si mtu mbaya. Miaka yote alilinda mnara ule kama mtu anayelinda mgonjwa. Alimwekea chakula, akakaa kando yake, akambandulia maganda ya karanga bila kula hata moja.

"Ajambo yuko mwezi wa tisa," akasema.

"Si umwambie tu imekwisha?"

Hilo ndilo alilokwenda kufanya. Siku ya soko alifika Busia mikono mitupu, akakaa mahali pake bila kutandika leso. Ajambo alikuja polepole, miguu imemvimba, akatua beseni la dagaa, akanyoosha mkono kama kawaida.

"Umekwisha," Asio akasema. "Kichuguu kimeisha. Hakuna tena."

"Wacha mchezo, Toto."

"Kweli. Imekwisha kabisa."

Asio alitegemea kuona huzuni. Badala yake Ajambo akainama sikioni mwake, akacheka kichinichini kama mtoto aliyeficha sukari. "Basi mimi ni mjanja kuliko wewe. Nilikuwa nikiweka. Niko na mkebe mzima nyumbani, ule wa maziwa ya unga. Nilijua nikijifungua nitataka bado, na wewe utakuwa unaniringia. Hata hapa niko nayo."

Akafungua fundo la leso yake kiunoni, akatoa kipande cha kijivu, akakipeleka mdomoni.

Asio alimkamata mkono. Alimkamata kwa nguvu mpaka kipande kikaanguka kati ya dagaa.

"Toto! Una wazimu?"

"Tema. Kama kimekugusa ulimi, tema."

"Unanitisha."

"Nakuambia tema, mwanangu!"

Wauza ndizi waligeuka. Teopista alisimama kabisa ili aone vizuri. Asio akaona kwamba neno lile haliwezi tena kusemwa nusu. Akalisema lote, pale pale: mnara, betri, shimo, uchachu, jinsi ulimi wake ulivyomwonya na yeye akauuza. Alimtaja Emoit. Hakumtaja Ikiring, kwa sababu alikuwa mtoto wa mtu na alimwonea huruma, lakini asidi na risasi alizitaja kwa majina.

Teopista akapiga makofi. "Si nilisema limau? Kumbe ni maji ya betri! Mnajazwa chaji kama simu!" Wawili watatu wakacheka, halafu kicheko kikakatika, kwa kuwa mmoja wa waliocheka alikuwa mjamzito, na alikuwa akishika tumbo lake.

Ajambo hakucheka wala hakulia. Alimgeukia Asio. "Mimi nilikuwa nakuita mama," akasema.

"Najua."

"Umenilisha kwa mkono wako."

"Kwa mkono huu."

"Na ulikuja leo kuniambia umekwisha."

Asio akainama, akachukua beseni la dagaa, akalitia kichwani mwake mwenyewe. "Twende kwa nesi. Ukitaka kunipiga, nipige njiani."

Nesi wa kliniki ya akina mama aliitwa Barbara, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akaandika, akauliza ni kwa muda gani na kwa kiasi gani. Alichukua damu ya Ajambo. Akachukua na ya Asio. Akasema itapelekwa mbali, majibu yatachelewa. Wakati huo Ajambo ale mayai, maziwa, maharage, na dagaa zake mwenyewe badala ya kuwauzia wenzake zote.

"Mtoto je?" Ajambo akauliza.

Barbara akaweka kalamu chini. "Sitakudanganya. Anacheza vizuri, moyo nausikia vizuri. Yaliyomo kwenye damu yake, mimi na wewe hatuyaoni. Umeacha leo, na leo ni bora kuliko kesho."

Wiki ile Asio alitembea kila mahali alipojua kuna aliyenunua. Alikwenda upande wa Kenya, akaingia nyumba ambazo hakuwahi kuingia. Wengine walimshukuru. Wengine walimfungia mlango. Mwanamke mmoja alimwambia anausingizia udongo mzuri kwa kuwa ameshindwa kuupata, akaendelea kutafuna mbele yake. Wajawazito wengine sita aliwapeleka kwa Barbara, mmoja mmoja.

Habari ilifika kwenye kampuni kabla ya mwezi kuisha. Wakaja watu wenye glavu ndefu na vinyago mdomoni, wakakibomoa kichuguu chote mpaka chini, wakautia udongo kwenye mapipa yenye vifuniko, wakaondoka nao. Mahali pale pakabaki shimo pana lenye udongo mwekundu wa kuletwa, na uzio wa utepe. Emoit aliambiwa apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Hajaitwa. Ikiring hakuonekana tena. Fundi mwingine huja, hasalimii. Mchana Emoit hukaa kivulini akitazama mnara anaoufahamu kuliko mtu yeyote, na Asio akipita na maji hukaa naye kidogo. Siku moja Emoit alisema, "Ungeninong'onezea mimi kwanza, nikaenda mwenyewe kusema." Asio akafikiri, akaona ni kweli pengine, na pengine si kweli.

Ajambo alijifungua siku ya Jumatano asubuhi. Asio aliambiwa na muuza ndizi, akaacha kila kitu. Alifika Dabani na mayai kwenye kikapu, akasimama nje ya mlango, hajui kama atakaribishwa. Mama yake Ajambo alimwangalia, akaenda ndani, akarudi, akasogea pembeni ampishe.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwekundu, ngumi zimekazwa. Alikuwa akilia kwa sauti nyembamba lakini isiyokatika.

"Majibu yametoka," Ajambo akasema. Alikuwa amechoka, macho yameingia ndani. "Kwangu risasi imo, kuliko inavyotakiwa. Kwake, nesi anasema tumrudishe akifika miezi mitatu, halafu sita, halafu mwaka. Waone anavyoshika vitu, anavyogeuka akiitwa."

"Nitakuja nanyi."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Ajambo alimwangalia mtoto, si Asio. Hakumwita Toto. Kisha akamnyanyua yule mtoto na kumsogeza mbele. Asio akavuta leso yake ya manjano begani ili ampokelee ndani yake, kama alivyopokea watoto wengi.

"Si hiyo," Ajambo akasema haraka.

Asio akaitazama leso. Matundu madogo madogo, kila mahali. Akaivua, akaikunja, akaenda kuiacha nje chini ya ukuta. Akarudi, akanawa mikono kwenye beseni, akanawa tena. Ajambo akavua leso yake mwenyewe akampa, na Asio akampokea mtoto ndani yake, akamsogeza dirishani penye mwanga, akaanza kumtazama kidole kwa kidole.